Uchambuzi: Pesa iendayo Kansanga hupita mikono mingi, na mkono mmoja ukilegea yote husimama

Mifumo mikubwa ya malipo siku hizi hujengwa kwa huduma ndogo ndogo zinazotegemeana. Mwaka 2020 Uganda ilishuhudia kinachotokea kiungo kimoja cha mnyororo huo kinapokatika. Swali ambalo bado linasubiri jibu kamili ni nani anayebeba hasara wakati mafundi wanatafuta kilichoharibika.

Kansanga ni mtaa wenye pilikapilika ulio kando ya Barabara ya Ggaba, katika Divisheni ya Makindye, kusini-mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala. Hapo ndipo ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, KIU, kilichoanzishwa mwaka 2001, ambacho huwavuta wanafunzi kutoka Tanzania, Kenya, Kongo, Sudan Kusini, Somalia na kwingineko. Ndiyo maana Kiswahili, ambacho katika jiji la Kiganda na Kiingereza ni lugha ya wachache, husikika mtaani humo bila kumshangaza mtu. Na ndiyo maana sehemu kubwa ya maisha ya mtaa huo hutegemea fedha zinazotoka mbali: ada ya muhula, kodi ya chumba, pesa ya chakula na ya dawa.

Fedha hizo, kwa kiasi kikubwa, hufika kwa simu. Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, na washindani wake kufuata, wakala aliyeketi chini ya mwavuli kando ya barabara amekuwa benki ya watu wasiowahi kuingia benki.

Mwanafunzi anayesubiri ada kutoka Nairobi, Bukavu au Melbourne hujua mambo mawili tu: mzazi amesema pesa imetumwa, na simu yake mwenyewe iko kimya. Kati ya simu hizo mbili kuna msafara asiouona. Programu ya mtumaji huiuliza huduma ya utambulisho kama mtumaji ndiye anayedai kuwa ndiye. Huduma nyingine hutoa bei ya kubadilishia fedha, na nyingine hukagua orodha za watu waliowekewa vikwazo. Kampuni ya kuunganisha malipo hulipokea ombi na kulipeleka kwa MTN au Airtel. Huko nako huduma moja hutazama akaunti, nyingine huandika kilichotoka na kilichoingia, na ya mwisho hutuma ujumbe mfupi. Mmoja wa wasafiri hao akikwama, wote walio nyuma yake hukwama naye.

Jumamosi mnyororo ulipokatika

Uganda iliupata mfano ulio wazi kabisa Jumamosi tarehe 3 Oktoba 2020. Siku chache baadaye Benki ya Stanbic Uganda, MTN Uganda na Airtel Uganda zilitoa taarifa ya pamoja, jambo lisilo la kawaida kwa makampuni yanayoshindana. Zilisema kwamba mtoa huduma wa tatu alipatwa na tatizo katika mfumo wake, kwamba tatizo hilo liliathiri miamala kati ya benki na pesa za simu, kwamba huduma hizo zimesitishwa, na kwamba salio za wateja hazikuguswa. Vyombo vya habari vya Uganda viliripoti kuwa ulikuwa udukuzi, na vikamtaja mtoa huduma huyo kuwa ni Pegasus Technologies, kampuni ya Uganda ambayo kazi yake ni kuziunganisha benki, makampuni ya simu na wauzaji wa huduma mbalimbali.

Kilichostahili kuzingatiwa siku hiyo si udukuzi peke yake. Benki moja kubwa na makampuni mawili makubwa ya simu, kila moja likiwa na seva zake, mafundi wake na walinzi wake, yalilazimika kufunga mlango mmoja kwa wakati mmoja kwa sababu yote yalikuwa yakiutumia. Katika michoro ya kila kampuni, kiungo hicho pengine kilionekana kama mstari mwembamba pembeni. Mistari hiyo ilipowekwa pamoja, ilibainika kuwa ilikuwa ikikutana mahali pamoja.

Uamuzi wa kusitisha huduma ulikuwa sahihi. Kidonda kinachosambaa huzuiwa kwanza, ndipo kitibiwe. Lakini salio kuwa salama si sawa na salio kuweza kutumika. Kwa mwenye pesa benki na mahitaji yake yote kwenye simu, shilingi isiyoweza kuvuka kutoka akaunti moja hadi nyingine ni shilingi isiyokuwepo kwa siku hiyo. Tena huyo mtoa huduma wa tatu, mteja hakuwahi kuwekeana naye mkataba, wala huenda hakuwahi kulisikia jina lake.

Kwa nini kazi moja hugawanywa

Yafaa kueleza kwa nini wahandisi walichagua njia hii. Zamani programu ya benki au ya duka ilikuwa kama nyumba ya chumba kimoja: jiko, stoo na kitanda pamoja. Fundi alipotaka kurekebisha jiko, wenye nyumba wote walitoka nje. Mnamo Agosti 2008 kampuni ya Netflix ya Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa bado ikiwatumia wateja wake filamu kwa posta, ilipata hitilafu katika hifadhidata yake kuu na ikashindwa kutuma filamu kwa siku tatu. Ilianza safari ya kuigawa kazi yake katika huduma nyingi ndogo zilizoenea kwenye seva za kukodi, na safari hiyo ilikamilika mapema mwaka 2016.

Usanifu huo wa huduma ndogo ndogo, ambao wahandisi huuita maikroservisi, una faida za kweli. Kikosi kimoja cha mafundi kinaweza kubadilisha huduma ya ujumbe bila kuigusa ile ya malipo. Msimu wa ada ukifika, huduma inayolemewa huongezewa nguvu peke yake.

Hata hivyo utegemezi haukutoweka. Ulihama. Ulikuwa ndani ya programu moja, ambamo fundi aliweza kuusoma wote kwa jicho moja. Sasa umo katika mawasiliano kati ya programu na programu, juu ya nyaya, na mara nyingi kati ya kampuni na kampuni.

Hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Chukua huduma ambayo katika maombi 100 hujibu vizuri maombi 99. Peke yake ni huduma nzuri. Muamala ukilazimika kupita huduma 10 za namna hiyo mfululizo, ni takriban miamala 90 tu kati ya 100 itakayofika mwisho. Hakuna huduma hata moja iliyozembea, na bado mtu mmoja kati ya kumi ameambiwa mtandao uko chini.

Siku ndefu ya Oktoba 2025

Tukio la tarehe 20 Oktoba 2025 lilionyesha kwamba hata walio matajiri kwa mitambo hawako salama. Saa 3:48 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, hifadhidata ya Amazon iitwayo DynamoDB, katika kituo cha Virginia ya Kaskazini nchini Marekani, iliacha kupatikana. Haikuwa imeharibika. Kilichopotea ni anwani yake. Vitendakazi viwili vya mfumo wa kujiendesha vilivyokuwa vikisasisha anwani hizo vilipishana vibaya, na ingizo la anwani likabaki tupu. Mitandao na programu kama Snapchat, Signal na Duolingo ziliyumba katika nchi nyingi.

Mafundi waliirejesha DynamoDB saa 6:25 mchana. Kwa mantiki ya kawaida, tatizo lilipaswa kuishia hapo. Lakini huduma ya Amazon inayowasha seva mpya ilikuwa ikiitegemea hifadhidata hiyo, na iliporudi ilikuta mlundikano wa kazi ambao haikuuweza. Huduma ya kugawa mzigo nayo ikaanza kuziona seva nzima kuwa mbovu. Hali ilitulia kabisa baada ya saa sita usiku. Kosa la saa zisizofika tatu lilizaa msukosuko wa takriban saa kumi na tano, na muda wote uliozidi ulitokana na namna huduma zilivyotegemeana, si na kosa lenyewe.

Utegemezi usioandikwa popote

Hatari zaidi ni ule utegemezi ambao hakuna mchoro unaouonyesha. Tarehe 4 Oktoba 2021 huduma za Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kwa takriban saa sita baada ya amri moja ya matengenezo kuikata mitambo ya kampuni hiyo kutoka intaneti. Zana ambazo mafundi wake wangezitumia kurekebisha zilitegemea mtandao uleule uliokatika, na hata kuingia kwenye majengo yenye mitambo kukawa kugumu. Ni sawa na aliyefungia ufunguo ndani ya sanduku linalofunguliwa na ufunguo huo. Nchini Uganda, ambako Facebook ilikuwa imefungwa tangu Januari 2021, wengi waliliona pengo hilo kwenye WhatsApp.

Njia mbili nazo zaweza kuwa moja. Uganda haina pwani, na intaneti yake hutegemea nyaya za baharini zinazotua kwa majirani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kasi ya intaneti ikashuka katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo. Aliyekuwa na mkataba na waya mmoja, na akaba ya mkataba na waya wa pili, aligundua kwamba akiba yake ilipita bahari ileile.

Wakati mwingine kinachotegemewa ni kalenda. Umeme wa kulipia kabla, ambao Waganda huuita Yaka, hununuliwa kwa tokeni ya tarakimu 20 inayoingizwa kwenye mita. Tokeni hizo hufuata kanuni ya kimataifa iliyobuniwa Afrika Kusini, na ndani yake kuna hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya hapo mamilioni ya mita duniani, pamoja na za Uganda, zilihitaji kuingizwa namba za kuzisasisha; ambayo haikusasishwa ingekataa tokeni mpya hata kama pesa imelipwa na kupokelewa. Uamuzi wa wahandisi wa miaka ya 1990 ulikuwa bado umo ndani ya mita ukutani, miongo mitatu baadaye.

Na kuna utegemezi wa uamuzi wa wakubwa. Siku ya uchaguzi wa tarehe 18 Februari 2016 mamlaka za Uganda ziliagiza mitandao ya kijamii na huduma za pesa kwa simu zifungwe. Januari 2021 intaneti nzima ilizimwa kwa takriban siku tano. Mhandisi anaweza kuweka seva ya akiba na waya wa akiba. Hawezi kuweka serikali ya akiba.

Wala hili si balaa la Afrika peke yake. Wasemaji wa Kiswahili walioko Australia wanaikumbuka tarehe 8 Novemba 2023, wateja wapatao milioni 10 wa kampuni ya Optus walipokosa simu na intaneti kwa sehemu kubwa ya siku. Taarifa za njia za mtandao zilizofuatia kusasishwa kwa programu ziliizidi nguvu mitambo, nayo ikajitenga kwa kujilinda. Wapo waliopiga namba ya dharura wasipate jibu. Mkurugenzi mkuu wa kampuni hiyo alijiuzulu mwezi huohuo.

Dawa zinazojulikana

Taaluma ya programu haikosi dawa, na nyingi si za gharama kubwa. Ya kwanza ni kuweka kikomo cha kusubiri. Huduma inayoomba jibu kwa jirani yake isingoje bila mwisho, kwa sababu kila anayengoja hushikilia nafasi ambayo mwingine angeitumia, na foleni ya mlango mmoja huishia kuziba nyumba nzima.

Ya pili inafanana na fyuzi ya umeme. Jirani akishindwa kujibu mara nyingi mfululizo, fyuzi hukatika na maombi huacha kupelekwa kwake kwa muda. Mteja huambiwa mara moja kwamba huduma haipatikani, naye jirani hupata nafasi ya kupumua. Baada ya muda fyuzi huruhusu ombi moja la majaribio, na likijibiwa vizuri njia hufunguliwa tena.

Ya tatu inahusu kurudia. Muamala unapokwama, binadamu hubonyeza tena, na programu nazo hufanya vivyo hivyo. Maelfu wakirudia kwa wakati mmoja, huduma iliyokuwa inainuka huangushwa upya. Kwa hiyo programu hufundishwa kungoja kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi tena, na zisingoje kwa kipimo kimoja zote. Muhimu kuliko hayo, kila muamala hupewa namba yake ya pekee tangu unapoanza, ili ukifika mara mbili utambuliwe kuwa ni uleule. Mzazi aliyebonyeza mara tatu kwa wasiwasi asijikute amelipa ada mara tatu.

Ya nne ni adabu ya mabadiliko. Kampuni inayobadilisha namna ya kuongea na wenzake haina budi kuiacha namna ya zamani ifanye kazi sambamba na mpya mpaka wote wahame. Makwamo mengi hayaletwi na wadukuzi wala dhoruba, bali na mtu aliyerekebisha mlango wake bila kuwaambia waliokuwa wakiupitia.

Dawa ya tano ndiyo inayopuuzwa zaidi: ramani. Kampuni ijue inamtegemea nani, na huyo anamtegemea nani, mpaka mwisho wa mnyororo. Isiyo na ramani huisoma siku ya msiba.

Kuna pia ushauri wa kutokata kitambaa kisichohitaji kukatwa. Mwaka 2023 kikosi kimoja cha Prime Video ndani ya Amazon kilieleza kwamba kilizirudisha huduma zake za kukagua ubora wa video katika programu moja, na gharama ikapungua kwa asilimia 90. Kwa kampuni changa ya Kampala yenye mafundi watano, programu moja iliyopangwa vyema kwa ndani huenda ikawa na busara kuliko huduma 30 zilizoigwa kutoka kwa makampuni yenye mafundi elfu. Kila huduma inayoongezwa ni ahadi mpya inayopaswa kulindwa usiku na mchana.

Anayelipa asipokuwa na kosa

Mambo ya kiufundi, basi, yanajulikana. Lisilo wazi ni la haki. Mnyororo unapokatika, kampuni hupoteza mapato ya saa kadhaa na mtoa huduma wa kati hupoteza sifa. Lakini mwanafunzi aliyekosa kufanya mtihani kwa sababu ada haikuonekana, au mgonjwa aliyeshindwa kulipia dawa, hubeba hasara ambayo haimo katika hesabu za mtu yeyote. Akimwuliza wakala, wakala humwelekeza kwa kampuni ya simu. Kampuni ya simu humwelekeza benki. Benki husema ni mtoa huduma wa tatu. Mfumo uliogawanywa vipande vingi umeugawanya pia uwajibikaji, mpaka kila mmoja ana kipande kidogo kisichotosha kumfanya ajibu.

Uganda haikosi chombo cha kuanzia. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020 iliipa Benki Kuu ya Uganda mamlaka ya kutoa leseni kwa watoa huduma za malipo na kuwasimamia. Mamlaka hayo yanaweza kwenda mbali zaidi ya kuuliza kama kila kampuni iko imara peke yake. Yanaweza kuuliza ni kampuni ngapi zinapita mlango mmoja, mlango huo ukifungwa ipo njia gani nyingine, na imejaribiwa lini. Swali hilo linazidi kuwa la haraka kwa kuwa serikali yenyewe inaunganisha mifumo yake kupitia jukwaa la UGhub, linalosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari, NITA-U. Kuunganisha humwondolea mwananchi safari za ofisi hadi ofisi. Pia huongeza vitu vinavyoweza kusimama kwa pamoja.

Kwa anayetuma na anayepokea, tahadhari ni chache lakini zina maana: kutuma ada kabla ya siku ya mwisho, kuhifadhi namba ya muamala, kutobonyeza tena kabla ya kuhakiki salio, na kuwa na zaidi ya njia moja ya kupokea fedha. Hata hivyo si haki tahadhari hizo ziwe mzigo wa mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mnyororo mzima. Aliyeuza huduma kwa jina lake ndiye anayepaswa kujibu kwa jina hilo, hata kama aliyejikwaa ni mtu wa tatu. Kisha wao kwa wao watafutane na kulipana. Mpaka kanuni hiyo iandikwe na kusimamiwa, kila tatizo la mfumo litaendelea kuwa na mlipaji mmoja ambaye hakuwahi kuuona mfumo huo.